Michemraba 27 ya mbao inavyomfunza kijana uhandisi

Chukua michemraba 27 ya mbao, kila mmoja wenye upande wa robo tatu ya inchi. Igundishe iwe vipande vitano visivyofanana, ambavyo vikipangwa sawasawa vitaunda mchemraba mmoja mkubwa wenye upande wa inchi mbili na robo. Atakayepewa vipande hivyo ahangaike kuvipanga, ila asikate tamaa. Hiyo ndiyo kazi wanayopewa wanafunzi wa sekondari nchini Marekani wanaosoma utangulizi wa usanifu wa kihandisi katika mpango wa Project Lead The Way, ulioanzia jimbo la New York mwaka 1997.

Wapo watakaouona huu kuwa mchezo wa watoto. Waliobobea katika hisabati na usanifu hawakuuona hivyo. Mwaka 1933 Piet Hein, mshairi na mwanahisabati wa Denmark, alikuwa akisikiliza mhadhara wa Werner Heisenberg kuhusu fizikia ya kwanta alipopata wazo la kugawa michemraba 27 katika vipande saba. Fumbo hilo, liitwalo Soma, lina njia 240 za kulipanga, na John Conway na Michael Guy ndio waliozibainisha zote mwaka 1961. Mwaka 1974 mjini Budapest, mwalimu wa usanifu Ernő Rubik alitengeneza kwa mbao mfano wa kwanza wa mchemraba wake unaojulikana leo dunia nzima.

Kazi ya mwanafunzi huanzia kwenye karatasi. Akigundisha michemraba minne anaweza kupata maumbo 8. Mitano, maumbo 29. Sita, maumbo 166. Si yote yanayofaa. Michemraba minne iliyonyooka mstari mmoja haitaingia kamwe, kwa kuwa fumbo lina nafasi tatu tu kila upande. Tena yapo maumbo yanayokaa vizuri kwenye mchoro, lakini kipande cha mwisho kinakosa njia ya kupita kwa sababu vingine vimekwisha kuifunga. Hapo kijana anatambua kwamba haitoshi kujua kitu kitaonekanaje kikikamilika; lazima ajue pia kitaunganishwa kwa hatua zipi. Anayejenga daraja au kuunda injini hukabiliana na swali hilohilo.

Baada ya kuchora kwa mkono kwenye karatasi yenye nukta, huhamia kwenye programu ya kompyuta kama Autodesk Inventor, ambako kila kipande huonekana kwa mbele, juu na ubavuni, na vipimo vyake vyote.

Halafu inakuja mbao, nayo haina simile. Kwenye kompyuta kila mchemraba una milimita 19.05 kamili. Ukiupima ule wa mbao kwa kalipa, utakuta huu umezidi kidogo, ule umepungua. Ziada ya milimita 0.3 tu kwa kila mmoja, ikijumlishwa katika michemraba mitatu, inakuwa karibu milimita moja, na kipande kinagoma kuingia. Ndiyo maana wanafunzi hupima michemraba mingi, wakatafuta wastani na kiasi ambacho vipimo vinatofautiana, kabla ya kufungua gundi. Gundi nayo ikipakwa nene huongeza unene. Isitoshe, mbao ikipata unyevu hutanuka zaidi kwa upana kuliko kwa kufuata nyuzi zake, kwa hiyo fundi makini huelekeza nyuzi zote upande mmoja.

Mwisho ni majaribio. Fumbo hukabidhiwa watu ambao hawajaliona, muda wao ukaandikwa kila wanapolipanga upya, kisha ukachorwa kwenye grafu. Mtu akilimaliza kwa nusu dakika, ni rahisi mno; wote wakishindwa, ni gumu kupita kiasi. Vyovyote itakavyokuwa, msanifu anarudi mezani na ushahidi mkononi, wala habishani na mtumiaji.

Kazi hii inastahili kuingia katika madarasa yetu. Tanzania imeanzisha mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, na mkondo huo utapata uhai kwa kazi ambazo mwanafunzi anabuni mwenyewe, anapima mwenyewe na kuona kwa macho yake matokeo ya vipimo vyake. Karakana za maseremala zina masalia ya mninga na mvule yanayoishia kuwa kuni. Msumeno, msasa, gundi ya mbao na rula vinatosha kuanzia. Kompyuta ikiwapo ni heri, isipokuwapo karatasi yenye nukta itafanya kazi yake.

Mwalimu wa hisabati na mwalimu wa useremala wakae meza moja, wagawane kazi hii kwa muhula mmoja. Aliyekwisha kusanifu kitu, akakijenga kwa mikono yake na kukirekebisha baada ya wengine kukijaribu, amekwisha kuuanza uhandisi.