Vitamini na Afya ya Wazee Wetu

Mara nyingi watu huuliza: je, vipo vidonge vya vitamini vinavyomwongezea mtu miaka ya kuishi? Wachuuzi wengine hupita minadani wakisema vipo, na familia hutoa fedha ya kahawa kumnunulia bibi au babu. Katika ukurasa huu tutaeleza kwa nini wazee wanahitaji vitamini, na zinapatikana wapi hapa kwetu Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa.

Vitamini ni virutubisho ambavyo mwili huhitaji kwa kiasi kidogo sana, lakini pasipo hivyo hauwezi kufanya kazi zake. Vitamini A hulinda macho na ngozi. Vitamini C huimarisha fizi na kusaidia vidonda kupona. Vitamini D husaidia mwili kupata madini ya chokaa kwa ajili ya mifupa. Zile za kundi B husaidia damu na mishipa ya fahamu.

Kwa nini wazee hupungukiwa?

Mzee hula kidogo, lakini mahitaji yake ya vitamini hayapungui. Meno yakitoka, huacha nyama na karanga, akabaki na uji na chai. Ngozi yake hutengeneza vitamini D kidogo kuliko ya kijana. Tumbo nalo hushindwa kupata vizuri vitamini B12 kutoka katika samaki, nyama, mayai na maziwa. Tena kitoweo kikiwa kidogo, mzee husema "wapeni watoto", naye hutowelea mchuzi mtupu.

Vitamini B12 ikipungua kwa muda mrefu, miguu hufa ganzi, damu hupungua na kumbukumbu hupotea. Watu husema ni uzee tu, na wengine husema amelogwa. Magonjwa mengine, kama kisukari, nayo huweza kuleta ganzi. Kwa hiyo tusikae kubahatisha. Mzee apelekwe mapema Hospitali ya Litembo au iliyo karibu akapimwe, kwani mishipa ikiharibika sana huenda isipone.

Je, vidonge havifai?

Vinafaa kwa yule ambaye mganga amemkuta na upungufu. Kumeza ovyo kuna hatari. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Ufini kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, waliugua saratani ya mapafu wengi zaidi kuliko wasiopewa. Vitamini A ya vidonge ikizidi hudhuru pia ini na mifupa.

Tufanye nini nyumbani?

1. Dagaa wa ziwani, yaani usipa, waliwe wazima pamoja na mifupa yake. Kwa mzee asiye na meno, watwangwe wawe unga, utiwe katika mboga au uji.

2. Matembele, mchicha na majani ya maboga yasichemshwe mno, na yaungwe kwa karanga au mafuta, maana vitamini A huhitaji mafuta. Kisamvu kitwangwe na kuiva vizuri ili sumu yake itoke. Mboga za kukausha zianikwe kivulini.

3. Papai na embe zilizoiva ni laini kwa mzee. Mapera yana vitamini C nyingi.

4. Ugali wa dona una vitamini B kuliko wa sembe. Maharage ya mashamba yetu ya ngoro yapikwe hadi yalainike.

5. Mzee atoke nje kila siku, apate jua kidogo mikononi na miguuni.

Vitamini hazizuii uzee. Lakini mzee anayekula vizuri hupata nguvu ya kutembea, kuona na kupambana na maradhi. Basi, kabla ya kununua kichupa mnadani, tuangalie kwanza sahani ya bibi ina nini.