Chanzo cha Disleksia kwa Watoto na Watu Wazima

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika unaompata mtu mwenye akili timamu, macho mazima na masikio mazima, aliyefundishwa sawa na wenzake. Makadirio mengi husema huwapata watu 5 hadi 10 katika kila 100. Darasa la wanafunzi 60 basi huenda lina watatu au zaidi, na mara nyingi hao ndio wanaochapwa kwa uvivu wasiokuwa nao.

Mwaka 1896 daktari Mwingereza, William Pringle Morgan, alieleza habari za mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mwepesi wa hesabu lakini hakuweza kusoma. Wakati huo hali hiyo iliitwa upofu wa maneno, ikidhaniwa kuwa ni kasoro ya kuona. Dhana hiyo haijaisha: bado wapo wanaoamini kwamba mwenye disleksia huona herufi zimegeuka. Lakini kuchanganya b na d ni kosa la karibu kila mtoto anayeanza kuandika.

Kwa wengi, kiini cha tatizo ni sauti za lugha. Ili kusoma, mtoto hana budi kuligawa neno katika sauti zake na kuifunga kila sauti na herufi. Mwenye disleksia akisikia “paka” anamjua mnyama huyo vizuri, lakini akiulizwa kinachobaki p ikiondolewa, hukwama. Maandishi yana umri wa miaka elfu tano hivi tu, kwa hiyo hakuna anayezaliwa na sehemu ya ubongo iliyoumbwa kwa kusoma; ubongo hujifunza kuunganisha sehemu za usemi na za kuona. Picha za ubongo zinaonyesha kwamba kwa wenye disleksia sehemu hizo, hasa za nyuma upande wa kushoto, hufanya kazi kidogo kuliko kawaida wakati wa kusoma.

Tofauti hiyo kwa kiasi kikubwa hurithiwa. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ana disleksia ana uwezekano wa karibu nusu kwa nusu wa kuwa nayo. Hakuna jeni moja ya kulaumiwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha watu wazima zaidi ya 50,000 wenye disleksia, ulikuta maeneo 42 ya vinasaba, kila moja likichangia kidogo. Kuzaliwa njiti huongeza hatari ya matatizo ya kusoma. Msongamano darasani na uhaba wa vitabu havizalishi disleksia, lakini huizidishia makali.

Lugha nayo ina nafasi yake. Utafiti wa mwaka 2001 uliwalinganisha wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitalia, ambao lugha yao huandikwa karibu kama inavyotamkwa, walisoma vizuri zaidi, ingawa picha za ubongo zilifanana kwa wote. Kiswahili nacho huandikwa hivyo. Ndiyo maana mtoto anaweza kusoma kila neno kwa usahihi, ila polepole mno, akijikwaa kwenye mbw au ng’, na mwalimu asishtuke. Akifika sekondari na masomo kugeuka Kiingereza, ambamo herufi zilezile hutamkwa kwa namna kadhaa, tatizo hujitokeza wazi na watu hudhani limeanza siku hiyo.

Watu wazima wengi wenye disleksia ni watoto hao waliokua. Hujifunza kusoma, lakini kasi hubaki ndogo na tahajia husumbua. Kundi jingine walisoma vizuri maisha yao yote, kisha kiharusi au jeraha la kichwa likaharibu sehemu hizohizo za ubongo. Mwaka 1892 daktari Mfaransa Jules Dejerine alimweleza mgonjwa wa kiharusi aliyeweza kuandika lakini hakuweza kusoma hata alichokiandika mwenyewe. Mtu mzima anayepoteza ghafla uwezo wa kusoma anapaswa kufikishwa hospitali mara moja, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa dalili ya kiharusi.