Fahamu: Kwa nini programu-jalizi moja huangusha tovuti nzima

Umeamka, unafungua tovuti yako, unakuta ukurasa mweupe au namba 500. Usikimbilie kumlaumu mwenye seva. Jana ulisasisha nini?

Tovuti za WordPress huendeshwa kwa PHP, na programu-jalizi zilizowashwa hupakiwa pamoja kila ukurasa unapofunguliwa. Moja ikiita amri ambayo toleo jipya la PHP limeshaifuta, kazi yote hukatika papo hapo. Ndiyo maana kijifomu cha mawasiliano huweza kufunga duka zima.

Anza na barua pepe. Tangu toleo la 5.2, la mwaka 2019, WordPress humtumia msimamizi kiungo cha dharura cha kuingilia, na aghalabu humtaja mkosaji.

Hukuipata? Ingia kwenye mafaili ya seva, fungua wp-content, kisha ubadilishe jina la folda ya plugins. Iite hata plugins-mbovu. Fungua ukurasa wa programu-jalizi kwenye dashibodi: zote zitazimika kwa mpigo, mipangilio yake ikibaki salama. Rudisha jina la awali, uwashe moja moja (inachosha, lakini haidanganyi) hadi tovuti ianguke tena. Umempata.

Ila kabla ya kugusa chochote, weka nakala ya data zako kando.