Mbio za farasi: aliyezibiwa njia anarudi mikono mitupu

Tarehe 5 Agosti 2017, kule Marekani, farasi What The Hill alifika wa kwanza katika mbio za Hambletonian, kwenye uwanja wa Meadowlands, jimbo la New Jersey. Zawadi ilikuwa dola milioni 1, nusu yake kwa mshindi. Lakini waamuzi waliangalia tena video, wakamshusha. Ushindi ukapewa Perfect Spirit, aliyeongozwa na dereva Åke Svanstedt, mtu wa inchi ya Uswidi.

Kosa lilikuwa nini? Katika mbio hizi, farasi anavuta kigari chepesi cha magurudumu mawili, dereva amekaa juu yake. Karibu na mwisho, What The Hill aliingilia njia ya Guardian Angel A S, na huyu akapoteza mwendo wake.

Kupoteza mwendo si jambo dogo. Farasi hao hawaruhusiwi kukimbia kwa kurukaruka. Wanapaswa kutupa miguu kwa mpango: wa mbele wa kuume pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha kinyume chake. Gurudumu la mwenzake likimkaribia sana, anashtuka na kuanza kuruka. Hapo dereva anapaswa kumvuta hatamu mpaka arudie mwendo, na wengine wanampita. Wenye kupanda pikipiki mjini Goma wanajua ginsi inavyokuwa mtu anapokukatia mbele bila kuangalia.

Sheria kule Marekani inasema dereva asibadilishe njia kwa namna ya kumlazimisha mwingine afupishe hatua au avute hatamu. Waamuzi wakiona kosa hilo limeharibu nafasi ya mwenzake, farasi mkosaji anawekwa nyuma ya yule aliyezuiliwa. Dereva naye anaweza kutozwa faini au kusimamishwa kwa siku kadhaa. Nako Ufaransa, waamuzi wa Vincennes wanasimamisha madereva kwa kosa la kuwazuia wengine, na farasi anayeendelea kurukaruka anaondolewa kabisa mbioni.

Sasa angalia nani analipa. Katika mupira, ukimwangusha mchezaji ndani ya eneo la goli, timu yake ndiyo inapewa penalti. Hapa sivyo. Guardian Angel A S, aliyeumizwa, alipanda nafasi moja tu, tena kule nyuma. Dola nusu milioni zikaenda kwa Perfect Spirit, ambaye hakuguswa na mtu. Wenye What The Hill nao wakapoteza zawadi kwa kosa la sekunde chache. Wanaotetea sheria wanasema hakuna mwamuzi anayeweza kujua farasi aliyezuiliwa angemaliza wa ngapi. Ni kweli. Lakini siku kadhaa za dereva kukaa nyumbani ni kitu kidogo mbele ya pesa kama hizo, na mwenye farasi aliyezuiliwa haoni hata senti ya faini ile.

Kisha kuna wachezaji wa pari, na mbio za Ufaransa zina wengi mpaka Senegal na Kamerun. Wao wanalipwa kufuatana na matokeo ya waamuzi, si kwa kile walichokiona kwa macho kwenye mstari. Ndiyo maana wazoefu hawatupi karatasi yao mpaka matokeo yatangazwe rasmi.