Barua Inayomfuata Mtoto Darasani

Miongoni mwa wanafunzi wenye ulemavu, mwenye uoni hafifu ndiye anayesahaulika kwa urahisi zaidi. Hatembei na fimbo nyeupe. Huchunga mbuzi na kuchota maji kama wenzake, kwa hiyo hakuna anayemhesabu kuwa asiyeona. Hata hivyo, darasani haoni maandishi ya ubaoni, na daftari hulisogeza hadi karibu liguse pua. Mwalimu humdhania mvivu, mzazi humdhania mzito wa kuelewa, na hatimaye mtoto mwenyewe huamini hivyo.

Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa na uoni hafifu mtu ambaye jicho lake lililo bora, hata baada ya matibabu na miwani inayomfaa, huona chini ya 6/18 lakini si chini ya 3/60. Kwa lugha nyepesi, kile ambacho jicho zima hukiona umbali wa mita 18, yeye hawezi kukiona hata akiwa mita 6. Miongoni mwa visababishi kwa watoto ni mtoto wa jicho aliyechelewa kuondolewa, makovu ya kioo cha jicho yatokanayo na surua au upungufu wa vitamini A, na ualbino. Kwa mwenye ualbino, sehemu ya katikati ya retina haikukomaa kikamilifu. Miwani humpunguzia tatizo, haimalizi.

Sasa tufikirie familia ya Nyarero, wilayani Tarime. Ili kumwona daktari bingwa wa macho katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, itavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, ipite Bunda, kisha iendelee hadi Mwanza. Nauli, chakula na malazi vyaweza kugharimu mbuzi wawili watatu. Familia hiyo ikirudi na chupa ya dawa ya matone na maneno “hakuna la kufanya zaidi”, mtoto atarejea kwenye dawati lilelile la nyuma. Jicho limehudumiwa, mwanafunzi hajahudumiwa.

Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi moja: barua ya kitabibu kwa mwalimu mkuu, iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi. Ieleze mtoto anaona nini kwa umbali gani, anasoma herufi za ukubwa gani, mwanga mkali unamsumbua au la, na kwamba kusogeza kitabu karibu na macho hakumdhuru. Kulisogeza daftari nusu ya umbali hufanya herufi zionekane maradufu. Mtoto huyo anajisaidia, asikaripiwe.

Barua hiyo hufungua milango ambayo tayari ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma katika shule ya kawaida na kupatiwa msaada unaolingana na ulemavu wake. Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa vitabu vya kiada vya maandishi makubwa, na vya nukta nundu kwa wasioona. Vitabu hivyo visipofika, ukurasa wa A4 ukikuzwa kuwa A3 katika duka la steshenari, herufi ya ukubwa wa 12 huwa karibu 17. Kiti cha mbele, kofia yenye ukingo mpana, na mwalimu anayesoma kwa sauti kila anachoandika ubaoni ni msaada usiohitaji bajeti ya wizara.

Mlango mkubwa zaidi ni mtihani wa darasa la saba. Baraza la Mitihani hutoa karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, na huongeza dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini Baraza haliwezi kumwandalia karatasi mtoto lisilomjua. Asipotambuliwa kabla ya usajili wa watahiniwa, ataketi mbele ya herufi asizoziona, na matokeo yake yatasomwa kama kipimo cha akili yake.

Ndugu mhudumu wa zahanati, unahitaji chati ya herufi E, kamba ya mita 6 na subira. Pima kila jicho peke yake. Mtoto ambaye macho yake huchezacheza, anayekunja uso juani au anayeinamisha kichwa ili aone, mpe rufaa. Mwenye mboni nyeupe asisubiri hata wiki moja: huenda ni mtoto wa jicho, na huenda ni saratani ya jicho.

Nawe mzazi, usitoke kliniki bila kuuliza: “Daktari, nimwambie nini mwalimu wake?” Omba jibu kwa maandishi, lenye sahihi na muhuri. Nakala moja ipeleke shuleni, nyingine itunze nyumbani. Mtoto akibadilishiwa mwalimu au shule, barua imtangulie.