Simba wa Peugeot na Rekodi Zake: Kutoka Meno ya Msumeno hadi Betri

Jina la Peugeot lilikuwa sokoni karibu miaka themanini kabla ya familia hiyo kuunda gari lake la kwanza. Mwaka 1810 ndugu wawili, Jean-Pierre na Jean-Frédéric Peugeot, waligeuza kinu cha nafaka cha familia, mashariki mwa Ufaransa, kuwa karakana ya chuma cha pua. Kilichotoka humo ni misumeno, springi za saa na vyuma vya kutanua magauni ya mabibi wa Ulaya. Baadaye vikafuata vinu vya kahawa, na kuanzia 1874 vinu vya pilipili manga. Vinu hivyo vinauzwa hadi leo, vikiwa na jina lilelile na simba yuleyule.

Simba huyo alisajiliwa mwaka 1858 kuwa nembo ya misumeno. Sifa alizobeba zilikuwa tatu: meno yasiyolika upesi, bapa linalopinda bila kuvunjika, na ukataji wa haraka. Kwa hiyo mtu akikuambia ni simba wa mbio za magari, mwambie alianza kazi kwa maseremala.

Safari ndefu kuliko zote za wakati wake

Gari lao la kwanza, la magurudumu matatu, lilionyeshwa Paris mwaka 1889 na lilikwenda kwa mvuke. Armand Peugeot, aliyekuwa ameiingiza familia kwenye baiskeli mwaka 1882, aliona upesi kwamba mvuke ni mzigo. Akageukia injini ya petroli iliyobuniwa na Daimler. Tatizo likawa moja: nani angenunua kitu ambacho hajapata kukiona kikifika mbali?

Septemba 1891 waandaaji wa mbio za baiskeli za Paris hadi Brest na kurudi walikuwa wanaandaa mashindano yao ya kwanza. Armand akaomba gari lake lifuate njia hiyohiyo. Fundi Louis Rigoulot na mwenzake Auguste Doriot walilitoa kiwandani Valentigney, wakaliendesha hadi Paris kwanza, kisha Brest, kisha wakarudi. Jumla ilikuwa kilomita 2,045. Hakuna gari la petroli lililokuwa limekwenda umbali huo kabla yao.

Injini ilikuwa na nguvu farasi mbili tu, chini ya pikipiki ndogo ya bodaboda. Walitumia saa 139 za mwendo, yaani wastani wa kilomita 15 hivi kwa saa. Mshindi wa baiskeli, Charles Terront, alimaliza njia ya Paris na Brest kwa saa 71 na ushee, na gari likafika siku kadhaa baadaye. Baiskeli ililishinda gari, na wala si kwa kubahatisha. Lakini watu wa miji ya njiani waliokuwa wamejipanga kuwatazama waendesha baiskeli waliona pia gari lisilovutwa na farasi likipita, na hilo ndilo Armand alilokuwa akilitafuta. Aina hiyo ya gari, Type 3, ndiyo pia ya kwanza kutembea kwenye barabara za Italia.

Nyumbani mambo hayakuwa shwari. Jamaa yake Armand, Eugène, hakutaka fedha za familia ziingizwe kwenye magari, na mwaka 1896 Armand akaondoka kuanzisha kampuni yake. Pande mbili ziliungana tena mwaka 1910.

Ushindi wenye pengo kubwa

Mwaka 1913 Jules Goux alishinda mbio za maili 500 za Indianapolis akiwa na Peugeot, Mzungu wa kwanza kutoka Ulaya kufanya hivyo. Alimwacha mshindi wa pili kwa zaidi ya dakika 13. Zaidi ya miaka mia imepita na hakuna aliyeshinda mbio hizo kwa pengo kubwa kuliko hilo. Siri ilikuwa injini yenye kemu shafti mbili juu na valvu nne kwa kila silinda, mpangilio ulioletwa kwenye mbio na Peugeot mwaka 1912 na ambao leo umo ndani ya magari mengi ya kawaida mtaani.

Sifuri yenye gharama kubwa

Tangu modeli ya 201 ya mwaka 1929, Peugeot imehodhi majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati. Porsche walipoonyesha gari lao jipya mwaka 1963 wakaliita 901, Peugeot wakapinga. Porsche wakabadili tarakimu moja. Ndivyo 911 ilivyopata jina.

Saba waliobaki

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, rekodi ya Peugeot inayopaswa kutangulia ni ya Safari Rally. Mbio zilifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamekolea, kwenye barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza saba tena. Mshindi miaka yote miwili ni mtu yuleyule na aina ileile ya gari: Nick Nowicki, mzaliwa wa Poland aliyekuwa akiishi Kenya, na Peugeot 404. Katikati yake, mwaka 1966 na 1967, 404 ilishinda ikiendeshwa na Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa mkazi wa Tanzania.

Ushindi wa namna hiyo hauji kwa kasi. Shokomzoba na springi za 404 zilimeza mashimo, difu yake haikuchoka haraka, na kulikuwa na nafasi ya kutosha kati ya tumbo la gari na matope. Mrithi wake, 504, alishinda mwaka 1975 na 1978. Zaidi ya 504 milioni tatu na nusu zilitengenezwa. Nchini Kenya na Nigeria ziliendelea kuunganishwa hadi miaka ya 2000, wakati Ulaya zilishabaki kumbukumbu. Aliyewahi kubanana kwenye siti ya tatu ya Pijo ya abiria wa masafa marefu hahitaji kuelezwa zaidi.

Rekodi iliyochukuliwa na umeme

Pikes Peak ni mlima wa Colorado, Marekani. Barabara yake ya mbio ina urefu wa kilomita 20 hivi na kona 156, na inaishia mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Ari Vatanen aliupanda mwaka 1988 na Peugeot 405 akaweka rekodi. Mwaka 2013 Sébastien Loeb akaja na 208 T16 na kufika kileleni kwa dakika 8 na sekunde 13.878, muda ambao wengi waliamini ungedumu kizazi kizima.

Ulidumu miaka mitano. Mwaka 2018 Romain Dumas alipanda kwa gari la umeme la Volkswagen kwa dakika 7 na sekunde 57.148. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua, na injini inayochoma mafuta inakosa pumzi hata ukiifunga turbo. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo nguvu iliyoanza nayo chini ndiyo inayofika nayo juu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipigo kilichoiuma Peugeot kuliko vyote, maana ni kampuni iliyokuwa na gari la umeme tangu zamani.

Mapema mno, kisha kwa kuchelewa

Gari hilo ni VLV la mwaka 1941. Ufaransa ilikuwa imekaliwa na Wajerumani na petroli ilikuwa haipatikani. Peugeot wakatengeneza kigari cha watu wawili chenye betri nne chini ya boneti ya mbele, na magurudumu ya nyuma yaliyosogezwa karibu karibu ili kuepuka difu. Kilikwenda kilomita 36 kwa saa na kufika kilomita 80 hivi kabla ya kuchajiwa. Vilitoka 377 tu.

Mwaka 1995 wakarudi na 106 ya umeme, yenye betri za nikeli na kadimiamu. Ilifika kilomita 90 kwa saa. Kitu cha kuchekesha: ili betri isimalizwe na baridi ya Ulaya, hita ya ndani ilitumia petroli, kwa hiyo mwenye gari la umeme alilazimika kupitia kituo cha mafuta ili asigande. Kwa miaka kumi hivi Peugeot na Citroën waliuza pamoja takriban magari 10,000 ya umeme, idadi kubwa kwa enzi hiyo. Kisha wakalegea, Nissan na Tesla wakapita.

Waliamka mwaka 2019 na e-208. Mwaka 2020 modeli ya 208 ilichaguliwa Gari la Mwaka barani Ulaya, na mwaka 2022 e-208 ndiyo iliyoongoza kwa mauzo ya magari ya umeme nchini Ufaransa. Leo E-3008, inayoundwa Sochaux, ina toleo la betri ya kilowati saa 98 linalotangazwa kufika hadi kilomita 700 kwa chaji moja. Kwenye karatasi, hiyo ni Dar es Salaam hadi Arusha bila kusimama.

Kwenye karatasi, nasisitiza. Kipimo cha Ulaya kinafanyika maabara, kwa wastani wa kilomita 46 hivi kwa saa. Barabara kuu kwa mwendo wa mia na zaidi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na mizigo imejaa, itakula sehemu kubwa ya hizo 700. Na ukiwa unafikiria kuagiza e-208 iliyotumika kutoka Uingereza, ambako usukani uko upande wetu, tazama mambo mawili kabla ya rangi. La kwanza, plagi yake ya kuchaji haraka ni ya Ulaya, CCS2, si CHAdeMO ya Nissan Leaf za Japani, basi hakikisha chaja unayoitegemea inaikubali. La pili, kiwandani betri hudhaminiwa miaka minane au kilomita 160,000 kwa asilimia 70 ya uwezo wake. Taka uwezo wa betri upimwe na uandikiwe, na muuzaji akikataa, tafuta gari lingine.