Mbwamwitu Alipopewa Ngozi ya Fisi

Kwenye andiko la mradi kazi huonekana nyepesi. Zichukuliwe hadithi za watoto zilizovuma kutoka Ulaya. Mbwamwitu atoke, aingie fisi. Dubu awe kiboko. Binti wa kofia nyekundu awe kisungura aliyejifunga khanga. Iandaliwe warsha ya siku tano, waitwe waandishi na wachoraji, mhariri apitie, mashine zichape. Safu ya mwisho ya jedwali ni idadi ya nakala, na hiyo ndiyo mfadhili huisoma kwanza.

Nia yenyewe siilaumu. Mtoto wa miaka mitano wa Tandahimba au Busia hana pa kumwona dubu, maana Afrika kusini mwa Sahara haina dubu wa porini. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa wanaoanza kusoma bado ni vichache, na kuanzia kwenye hadithi ambayo tayari imepita kwenye masikio mengi ni njia ya kuokoa muda na fedha. Shida huanza pale mnyama anapodhaniwa kuwa ni koti, unamvua huyu unamvika yule, na mwili wa hadithi ukabaki vilevile.

Hadithi ya nguruwe watatu huchaguliwa mapema, nayo hukwama mapema. Kwa mwambao wote, kuanzia Lamu hadi Kilwa, na visiwani, nguruwe ni mtihani wa kwanza. Mwalimu wa darasa la awali hataki mzazi aje kumuuliza kwa nini mwanawe amerudi nyumbani na nguruwe watatu kwenye mkoba. Basi nguruwe huwa mbuzi, na warsha huendelea na chai. Hakuna aliyekasirika, kwa kuwa mbuzi naye hufukuzwa na fisi, tena kwa haki zaidi.

Ila nyumba zinabaki. Ya kwanza ni ya nyasi, ya pili ya miti, ya tatu ya matofali, na hadithi imezipanga kwa daraja za uvivu. Anayesikiliza jana usiku alilala chini ya makuti, ndani ya kuta za fito na udongo zilizosimamishwa na babu yake. Sasa anafundishwa kwamba mwenye nyumba ya namna hiyo alipenda kucheza kuliko kufanya kazi. Baba yake hakupungukiwa bidii. Alipungukiwa bei ya saruji na bati. Zaidi ya hapo, yeyote aliyekaa chini ya bati adhuhuri ya Lindi, kisha akahamia chini ya makuti yaliyosukwa vizuri, anajua fundi mwenye akili ni nani kati ya wawili hao. Nyumba ya nyasi iliyofungwa vizuri haiondoki kwa pumzi ya mnyama yeyote. Kwa maoni yangu njia ya kutokea ipo: kosa lihame kutoka kwenye nyasi liende kwenye mikono. Mbuzi wa kwanza afunge fito kwa kamba iliyooza, wa pili asichimbie nguzo, wa tatu ajenge kwa nyasi zilezile lakini aite majirani wamsaidie. Hapo mtoto atamsahihisha mbuzi, maana ujenzi huo anaujua.

Watu wengine husita kugusa hadithi kiasi hicho, kana kwamba wanachezea maandiko matakatifu. Lakini huko kwao pia haikukaa tuli. Masimulizi ya Dartmoor, kusini magharibi mwa Uingereza, yaliyochapishwa mwaka 1853, hayakuwa na nguruwe wala mbwamwitu: yalikuwa na vijitu vya kichawi vitatu na mbweha. Joseph Jacobs alipoichapa mwaka 1890, nguruwe wawili wa kwanza waliliwa na hawakurudi, na wa tatu akampika mbwamwitu akamla. Wale nguruwe watatu wanaokumbatiana mwishoni, ambao mradi unawachukua kama asili, ni marekebisho ya watu waliowaonea huruma watoto wao. Hata yule binti wa dubu watatu, katika simulizi la Robert Southey la mwaka 1837, alikuwa kikongwe mkorofi.

Tukirudi kwa fisi, yeye ndiye humaliza ubishi. Mbwamwitu wa Ulaya ni mjanja. Anabadilisha sauti, anavaa nguo za bibi, anasubiri kitandani. Fisi wa hadithi zetu hawezi kusubiri chochote. Ni yule aliyefika njia panda, akasikia harufu ya nyama huku na huku, akataka kwenda kote kuwili hadi akapasuka msamba. Mtoto aliyelelewa na hadithi za bibi huanza kucheka fisi anapotajwa tu, kwa sababu anajua kuna mtu ataaibika. Sasa mwandishi anamleta fisi mwenye mpango na subira, na darasa linacheka mahali palipokusudiwa liogope. Na zipo sehemu ambako kicheko chenyewe hakipo. Katika vijiji vya Usukumani, ambako fisi hutajwa pamoja na wachawi, na ambako mbuzi hupotea zizini usiku, fisi aliyechorwa na tai shingoni akigawa peremende hatoshi kuitwa mhusika wa kuchekesha. Wazazi humtazama kwa namna nyingine.

Bundi ana kesi kama hiyo. Vitabu vya Ulaya vimemvalisha miwani na kumfanya mwalimu mkuu wa msituni, na wachoraji wetu wamemnakili hivyohivyo, ilhali nyumba nyingi za hapa akilia juu ya paa watu hutoka kumfukuza. Mbwa anayelala kitandani na mtoto ni mwingine. Sisemi watoto wasikutane na mbwa wa aina hiyo. Kitabu kina haki ya kumleta mgeni. Ila mgeni hutambulishwa, na mpangilio wa kurasa kumi na sita zenye sentensi moja moja hauachi nafasi ya kumtambulisha.

Mfano unaonifikirisha zaidi ni wa mbio za sungura na kobe, kwa sababu hapo hata kubadilisha wanyama hakuhitajiki. Katika masimulizi yanayobeba jina la Esopo, sungura analala njiani, kobe anakwenda polepole bila kuchoka, anashinda. Funzo ni subira, na walimu wanalipenda. Lakini kobe wa masimulizi ya Kiafrika, yanayopatikana kutoka magharibi hadi mashariki mwa bara, hashindi kwa subira. Anawapanga ndugu zake wanaofanana naye kila kona ya njia, na kila sungura akigeuka anasikia kobe akimjibu mbele yake. Mahali pengine ni kinyonga, naye anadandia mkia. Nikiwa mhariri ninajua ni toleo gani lingepita haraka kwenye kikao: la Esopo, kwa kuwa la pili linanukia udanganyifu. Lakini hilo la pili linasema jambo ambalo mtoto wa ukoo mkubwa analiona kila siku, kwamba mnyonge hamshindi mwenye mbio akiwa peke yake.

Mwambao wetu uliwahi kufanya kazi hii ya kusimulia upya bila andiko la mradi wowote, na ikafanyika kwa ustadi ambao bado hatujaufikia. Edward Steere wa misheni ya UMCA, ambaye baadaye alikuwa askofu, alikusanya hadithi kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuzichapa London mwaka 1870. Ndani yake imo Sultan Darai. Anayemjua paka mwenye viatu wa Charles Perrault, wa mwaka 1697, atamtambua mara moja: maskini hana kitu, ana mnyama anayesema, mnyama anakwenda kwa mfalme, anamtungia bwana wake jina kubwa, anamnyang'anya nguo na kudai ameibiwa na wezi, anamuua mwenye jumba na kumkabidhi bwana wake jumba hilo. Kisa hicho ni cha zamani kuliko Perrault. Straparola alikwisha kukichapa Venice katika miaka ya 1550. Katika masimulizi mengi ya Asia msaidizi ni mbweha. Unguja ni paa.

Wasimulizi hawakuishia kwenye kubadilisha mnyama. Hamdani ni maskini anayechakura jaani apate punje za mtama. Akiokota thumni anamnunua paa. Jitu la Perrault limekuwa nyoka wa vichwa saba. Na mwisho umegeuzwa kabisa. Paka wa Ufaransa anakuwa bwana mkubwa, anafukuza panya kwa kujifurahisha tu. Paa wa Unguja anaugua, na yule aliyemfanya sultani anaagiza apikiwe uji wa mtama mbovu. Mkewe anamsihi, hasikii. Paa anakufa, anatupwa kisimani, watu wa mji wanamlilia. Kisha mke anaamka na kujikuta yuko kwa baba yake, na bwana anaamka yuko jaani, anachakura. Wasimulizi hao walitoka katika mji wenye mabwana na watumwa, na walijua kwamba swali zito katika kisa hiki ni malipo ya mtumishi. Perrault halimsumbui hata kidogo. Andrew Lang alikitia kisa hicho katika kitabu chake cha hadithi cha mwaka 1901, kwa hiyo watoto wa Uingereza walisomewa hadithi yetu ya paa zaidi ya miaka mia moja kabla ya sisi kuandaa warsha ya kuwaletea watoto wetu ya paka.

Kwa upande wa uchapaji tumepata maendeleo ya kweli. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulitumia utaratibu wa kununua sehemu kubwa ya nakala ili mchapishaji asiogope hasara. African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, imeweka hadithi mtandaoni bila malipo, Kiswahili kikiwemo, katika ngazi tano za usomaji. Ngazi hizo zinamsaidia mwalimu, lakini zina gharama yake. Mhariri anayehesabu maneno ya ukurasa hukata kwanza yale yanayorudiwa, yaani wimbo wa kati na kibwagizo, akidhani ameondoa mafuta. Kumbe mtoto anayeanza kusoma hushika sentensi aliyokwisha kuisikia mara tatu. Bibi hafupishi wimbo.

Kuhusu kinachotokea vitabu vikifika shuleni sitasema mengi, kila mkaguzi anakijua. Vinapokelewa, vinapigwa mihuri, vinafungiwa kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa vikipotea. Mradi uliopanga nakala bila kupanga ruhusa ya kuchakaa umepanga kabati.

Kinachoweza kubadilishwa kwa fedha kidogo ni mwezi mmoja katikati ya ratiba, baina ya rasimu na uchoraji. Ratiba ya kawaida hupeleka hadithi kwa watoto ikiwa imekwisha kuchorwa kwa rangi, wakati ambao hakuna mtu aliye tayari kusikia kwamba bundi hafai. Vitabu vya ziada hupitia Taasisi ya Elimu Tanzania au, kwa Kenya, taasisi ya mitaala, KICD, na kikao cha ithibati hakina watoto. Rasimu isomwe kwa sauti katika shule tatu zilizo mbali, moja ya pwani, moja ya wafugaji, moja ya mjini, mchoraji akiwa amekaa nyuma na penseli. Watoto waulizwe fisi atafanya nini kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Majibu yao yakiwa mazuri kuliko maandishi, maandishi yafutwe. Hiyo ni nauli ya basi, posho ya watu wawili na utayari wa mwandishi. Fedha zake zinaweza kutoka kwenye hafla ya uzinduzi, ambayo sijawahi kuona ikikosekana kwenye bajeti.